Utalia Kesho

Tumpale alikata roho Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya Askofu kufika. Mama yake, Rut, alikuwa ameketi nyuma yake kitandani akimwegemeza kifuani, maana tangu moyo wa binti yule uanze kutanuka hakuweza tena kulala chali. Alilala ameketi, kama abiria wa safari ndefu. Rut aliisikia pumzi ikitoka, akangoja nyingine iingie. Alingoja sana. Alipoelewa kwamba haiji, alijaza hewa kifuani ili aangue kilio.

Mkono wa mumewe ukamziba mdomo.

"Ngoja," alisema Mzee Angetile. "Mama Tumpale, ngoja kwanza."

Haukuwa mkono wa mtu katili. Ulinuka rangi ya mafuta, kwa kuwa yeye, mzee wa kanisa, jana yake kutwa nzima alikuwa akipaka milango ya kanisa jipya. Lakini ulikuwa mkono mzito, na haukuondoka.

Huku kwetu Kyela kilio kikipanda hakuna shughuli nyingine. Aliye shambani analaza jembe, mwenye duka anafunga, harusi inavunjika katikati na bibi harusi anabaki na keki yake. Wanawake wanachukua mikeka na kanga, wanakwenda kukaa na mfiwa, na hawaondoki mpaka amezika na ameanza kula. Hakuna anayealikwa. Hata uliyegombania naye mpaka wa shamba utamwona amekuja na mzigo wa kuni kichwani. Angetile alilijua hilo toka utoto wake, na ndiyo maana aliwahi kuuziba ule mdomo kabla sauti haijatoka.

"Wanawake wote wako kanisani wanapepeta mchele," alisema kwa sauti ya chini. "Ng'ombe ameshachinjwa. Ukilia sasa hivi watakuja wote hapa. Kesho Baba Askofu atavihubiria viti."

Alimwachia mdomo kidogo ajibu.

"Mwanangu amekufa, Baba Tumpale."

"Najua. Na mimi ni mwanangu."

"Basi niache nilie."

"Utalia kesho. Kesho jioni wageni wakiondoka, utalia mpaka ushibe. Mimi mwenyewe nitalia na wewe."

Rut alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba. Halafu, na hili ndilo litakalomtesa maisha yake yote, alinyamaza.

Alinyamaza kwa sababu na yeye alilitaka lile kanisa. Betania lilikuwa mtaa tu, tawi dogo kati ya Makwale na Ipinda, linaloongozwa na mwinjilisti na kuangaliwa na usharika wa mbali, likisali ndani ya jengo la tope ambalo popo walilipenda kuliko waumini. Usharika kamili unakuwa na mchungaji wake. Unatajwa kwenye mikutano. Mara mbili Askofu alikuwa ameahidi kuja kuutangaza na mara mbili akaahirisha, na safari hii katibu wake alisema wazi: Baba Askofu anataka kuona watu, jengo zuri lisilo na watu ni ghala tu. Rut ndiye aliyeongoza wanawake kubeba mchanga kutoka mtoni kichwani, na Tumpale, kabla moyo haujamwangusha, alikuwa anabeba ndoo mbili pale wenzake walipobeba moja. Kila tofali la jengo lile lilikuwa na jasho la nyumba hii.

Mwinjilisti Jubilate alifika kwa haraka alipopigiwa simu. Alikuwa kijana mwembamba mwenye koti kubwa kuliko mabega yake, na tusimwonee, hakuwa mtu mbaya. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba, akafuta machozi ya kweli kwa kiganja. Kisha akasimama na kuuliza:

"Nani anajua?"

"Sisi tu," alijibu Angetile.

Jubilate alitazama dirisha, akalitazama paa, akamtazama marehemu. "Kwa joto hili hatakaa humu ndani mpaka kesho, Mzee. Tumpeleke mochwari, mjini. Noah ya wageni iko kwangu, nitaendesha mwenyewe. Watu wanajua ni mgonjwa. Wakituona, tunampeleka hospitali."

"Barabara ni moja," Angetile alisema. "Tutapita mbele ya kanisa. Tutampitishaje?"

"Ameketi," Jubilate alijibu bila kumtazama mtu yeyote. "Si alikuwa anaketi siku zote?"

Rut ndiye aliyemvalisha. Miguu na tumbo vilikuwa vimevimba, nguo zake za zamani zote zilimkataa, isipokuwa gauni jipya la kwaya, la bluu, alilokuwa ameshonewa pana kwa ajili ya Jumapili. Wanakwaya walikuwa wamegoma kushona bila yake. Rut alimfunga kanga kutoka utosini hadi chini ya kidevu, kama mtu anayeumwa jino, ili mdomo usifunguke. Alifanya yote hayo bila sauti. Mara moja tu alisema, "Samahani, mama," pale kiwiko cha binti kilipogonga ubao wa kitanda.

*

Mbele ya kanisa wanawake walikuwa wametanda uwanja mzima na nyungo zao. Mapumba yalikuwa yanaruka, mtu alikuwa anaimba, wengine wanacheka kwa sauti. Kanisa lenyewe lilisimama nyuma yao jipya kabisa, bati jekundu, vigae sakafuni, na kitambaa cheupe kimefungwa mlangoni kikimngoja Askofu akikate.

Jubilate alitaka kupita kwa kasi, lakini viti vya plastiki vilikuwa vimerundikwa barabarani. Ikabidi apunguze mwendo. Ikabidi asimame.

"Tumpale!" aliita mtu. "Jamani, Tumpale huyo! Kavaa sare!"

Prisca ndiye aliyekuja akikimbia. Alikuwa rika moja na Tumpale. Walianza darasa la kwanza siku moja na kwa miaka yote walisimama bega kwa bega katika sauti ya pili ya kwaya. Alifika dirishani na unga wa mchele hadi kwenye kope.

"Ugonile, Tumpale! Kumbe unaweza kutoka leo, mbona hukusema?"

Tumpale alikuwa ameegemea bega la mama yake, macho yamefumba.

"Tunampeleka hospitali," alisema Rut. "Usiku hakupata nafuu."

"Pole, mama. Ugonile, we Tumpale?" Prisca alirudia salamu, akaingiza mkono dirishani akamshika rafiki yake vidole. "Mh! Baridi hivi?"

"Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo."

"Hunijibu? Hata kichwa tu?"

Rut alihisi uzito wa mwanawe ukihama taratibu begani kwake, akauzuia kwa kidevu. "Amechoka, mwanangu. Mwache apumzike."

Angetile, kiti cha mbele, alikuwa anatazama mikono yake. Jubilate alipiga honi. Wale wanawake wengine walikuwa wameshaanza kusogea, na mmoja akaanzisha sala pale pale kwa sauti, akimwomba Kyala, Mungu wetu, amrudishe mtoto salama, na wengine wakaitikia wakiwa wameshika nyungo. Prisca akasema, "Ngojeni, ngojeni," akakimbia kwenye mafiga, akarudi na hotipoti ndogo ya kijani.

"Wali wa kwanza kabisa," alisema, akiuweka mapajani mwa Rut. "Tulikuwa tunajaribu chumvi. Akiamka mpe. Mwambie awe wa kwanza kula wali wa usharika."

"Ndaga, mwanangu," alishukuru Rut. "Ndaga fijo."

Viti vikaondolewa na gari likapita. Rut alibeba mwanawe kwa bega moja na hotipoti kwa mikono miwili, moto wake ukimpenya mapajani, hadi mjini.

Kule mochwari mhudumu alikuwa mtu wa makamo, mpole. Walipomaliza kumlaza Tumpale na kumfunika, alimwona Rut amesimama wima mlangoni na chombo chake cha wali. Akadhani labda mama huyu anaona aibu.

"Mama, hapa unaweza kulia," alimwambia. "Wote hulia. Sisi tumezoea."

Rut alimgeukia mumewe. Angetile akamgeukia mwinjilisti. Nje, kwenye benchi la wagonjwa, walikuwa wameketi watu wa Makwale, mmoja wao ameshawapungia mkono.

"Atalia nyumbani," alisema Jubilate.

*

Jumapili hiyo watu walikuja mpaka wengine wakakaa madirishani. Walikuja wa Ipinda, wakaja wa Ngana na bendera zao, wakaja wafanyabiashara waliokuwa njiani kwenda Malawi ambao walisikia tu kwamba kuna nyama. Kwaya zilipishana. Kamati ilikuwa na beji. Askofu, mzee mnene mwenye hatua fupi, alikata kitambaa, akaingia, na alipoona halaiki ile alisimama kidogo akashika ubavu wake kama mtu aliyechomwa na furaha.

"Betania," alisema, "kumbe ninyi ni wengi hivi!"

Vigelegele vilitikisa bati. Katibu wake alipita kati ya mabenchi akinyoosha kidole na kuhesabu, anapoteza hesabu, anaanza tena, anacheka. Jubilate alikuwa anang'aa jasho. Angetile alikaa kiti cha mbele na suti yake ya kahawia, na kila aliyemjia kumpongeza alimshika mkono. Wengi walimpongeza. Walimwambia, Mzee, umefanikisha. Yeye akajibu, tumefanikisha sote, kwa neema tu. Alijisikia akisema maneno hayo na akashangaa kwamba ulimi wake unafanya kazi.

Rut alikuwa katika safu ya akina mama, kanga ya sare kiunoni. Alisimama waliposimama, akaketi walipoketi. Hakuimba, lakini hakuna aliyeona, maana kila mtu aliimba kwa ajili ya watu wawili. Kwenye safu ya kwaya, kando ya Prisca, palikuwa na nafasi wazi ya mtu mmoja ambayo hawakutaka kuiziba.

Mambo yote yangekwisha salama kama walivyopanga. Lakini Prisca hakuwa amelala usingizi. Usiku kucha alijiuliza alimkosea nini rafiki yake mpaka akatae salamu yake. Alikumbuka ugomvi wao mdogo wa mwaka jana juu ya pini za nywele, akakumbuka siku mbili ambazo hakwenda kumwangalia kwa sababu ya mavuno. Kwa hiyo Askofu aliposema kabla ya kutangaza usharika kwamba kama kuna mwenye haja aiseme, ombi lake likawa la kwanza.

"Baba Askofu," alisema, "tuna mwenzetu. Mchanga wa hapa mlipo kaubeba yeye. Jana amepelekwa hospitali hali mbaya, hata kusema hawezi. Tunaomba kanisa limwombee Tumpale apone."

Watu wakaguna kwa huruma. Jubilate alisimama haraka. "Baba, ratiba..."

"Ratiba itangoja," alisema Askofu. "Mama yake yupo?"

Wanawake walimsukuma Rut mbele kwa upendo, mkono baada ya mkono, mpaka akafika juu ya vigae vya madhabahu. Askofu alimwekea kiganja kichwani. Kanisa zima lilinyoosha mikono kumwelekea, msitu wa mikono, wengine wakifumba macho, wengine tayari wanalia.

"Bwana," aliomba Askofu kwa sauti yake kubwa, "mwinue binti huyu kitandani. Mrudishe nyumbani kwa miguu yake. Mpe mama huyu furaha ya kumsikia akiimba humu ndani. Semeni amina!"

"Amina!"

"Semeni tena!"

"Amina!"

"Baba Askofu, acha," alisema Rut.

Alisema polepole sana, na ni waliokuwa karibu tu waliomsikia. Akarudia, safari hii kipaza sauti kikamdaka.

"Acheni. Msimwombee. Mwanangu amekufa. Amekufa jana asubuhi. Yuko mochwari."

Akafungua mdomo aangue kile kilio alichokibeba tangu jana. Watu wote walikiona kinywa kile kimefunguka, wakaona shingo imekaza, na hakikutoka kitu. Hata mkwaruzo. Rut alishika koo lake kama mtu aliyetumbukiza kitu kisimani na anachungulia. Ni Prisca aliyelia. Sauti yake ilipanda kutoka safu ya kwaya, na wanawake wakaidaka, na ndani ya muda mfupi hapakuwa na Jumapili tena wala usharika. Watu walikuwa wanatoka kwa milango yote mitatu. Katika safu za nyuma kulikuwa na waliotoka bila kujua ni nani aliyekufa. Walisikia kilio, wakasimama.

Katibu alibaki na kidole hewani.

*

Nyumbani kwa Angetile walikaa wanawake ndani juu ya mikeka, na wanaume nje kwenye viti vile vile vya plastiki, ambavyo vijana walivibeba kutoka kanisani. Masufuria ya wali na nyama yakafuata. Chakula cha sherehe kikawa cha msiba, na hakuna aliyehangaika kubadilisha chochote.

Askofu alikuja kwa miguu. Alilikataa gari, akavuka majaruba ya mpunga uliokwisha kuvunwa, akafika na tope hadi kwenye pindo la joho. Alimkuta Angetile amesimama peke yake chini ya upenu wa nyumba yake mwenyewe. Kila aliposogea kwenye viti, waliokuwa wamekaa walitazama kwingine. Alikuwa ameshasikia kwa nyuma mtu akiuliza, anayeficha msiba anaficha nini, na mwingine akajibu kwa mguno. Hakuna aliyempa mkono wa pole. Wale wale waliompongeza asubuhi.

"Mzee wangu," alisema Askofu. "Kwa nini?"

"Tulitaka uone watu, Baba. Wangekwenda msibani, ungekuta kanisa tupu. Ungesema Betania hapana watu."

Askofu alivua kofia yake akaishika tumboni.

"Ningelikuta tupu," alisema, "ningeuliza wako wapi. Wangeniambia wako kwa Mzee Angetile, wanalia naye. Ningefika hapa, ningewaona jinsi walivyokaa, na ningeutangaza usharika nikiwa nimesimama hapa hapa kwenye vumbi." Akaigeuza kofia mikononi. "Lakini na mimi nina sehemu yangu. Mimi ndiye niliyewatumia salamu kwamba nataka kuona watu. Sikusema nataka kuwaona wakifanya nini."

"Sasa utautangaza?" aliuliza Angetile. Hata yeye mwenyewe alishangaa kwamba ameuliza. Lilimtoka tu, kama mtu anayeendelea kupiga hatua baada ya ngazi kwisha.

Askofu alimshika bega, akaenda kukaa kwenye viti na watu wengine.

Ndani, Prisca alikuwa ameketi miguuni pa Rut. Hotipoti ya kijani ilikuwa bado pale juu ya meza, ilikowekwa jana waliporudi mjini. Prisca aliifunua. Wali ulikuwa umechacha. Akaufunika tena upesi.

"Nilimsalimia, mama," alisema. "Nilimshika mkono."

"Nilikuona, mwanangu."

"Hakunijibu. Nikadhani amenuna. Usiku mzima nilikuwa nadhani amenuna."

Rut alimvutia kichwa chake mapajani, pale pale ulipokuwa moto wa wali. Midomo yake ilitikisika lakini sauti yake, tangu kanisani, ilikuwa imebaki nusu, ya kunong'ona tu. "Hakununa. Angekuitikia. Wewe ungekuwa wa kwanza kuitikiwa."

Wanawake walimwambia alie. Walimwambia, toa, mama, usikae nacho, kitakuua. Walimwanzishia wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa jina la Tumpale, kwa sauti yake ya pili, kwa ndoo zake mbili za mchanga. Rut alitikisa kichwa. Alikuwa anajaribu. Macho yake yalikuwa makavu, na aliona aibu kama mama anayeombwa maziwa na hana.

Jua lilikuwa linashuka upande wa milima Angetile alipofika mlangoni. Mwanamume haingii penye mikeka ya wanawake wakati wa msiba, naye hakuingia. Alipiga magoti kizingitini na suti yake ya kahawia.

"Mama Tumpale," alisema. "Magari yameondoka. Wageni wamekwisha. Sasa lia."

Wanawake wakamgeukia Rut.

"Hakipo, Baba Tumpale," Rut alimjibu kwa ule mnong'ono. "Kilikuwa cha jana. Jana kilikuwa kimejaa hapa, ukakirudisha. Nimekitafuta tangu kanisani, sikioni." Akamtazama kwa muda, bila hasira, na hilo ndilo lililomvunja. "Uliniambia utalia na mimi. Basi lia wewe, maana mimi umenimaliza."

Mzee Angetile alifungua mdomo amjibu, na badala ya neno kikatoka kilio. Kilikuwa kikubwa, kibaya, kisicho na heshima ya mzee wa kanisa, kikavuka upenu na viti na migomba hadi barabarani. Prisca aliinua kichwa. Wanaume nje waligeuka. Aliita jina la mwanawe, akaliita tena, na mikono yake, yenye rangi ya milango bado kwenye kucha, ilikuwa imelegea ubavuni.

Hakuna aliyemziba mdomo.